Houston Kwanza, Plano Baadaye

Espérance ndiye aliyenisukuma kuandika. Aliniambia, "Mama Mwajuma, yale uliyokuwa ukitusimulia kwenye simu wakati wa chakula cha mchana yaandike. Sisi tunacheka, halafu tunasahau." Mimi nimeshastaafu, asubuhi zangu siku hizi ni ndefu, kwa hiyo nimekaa na chai yangu hapa nyumbani Plano nikiwaandikia ninyi mliobaki na seva. Habari za vyeo sitazigusa. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nyingi, kazi ikabaki ileile.

Kwa mgeni wa timu, nianze na kazi yenyewe. Kampuni yetu ina hospitali na kliniki nyingi hapa Texas, na sisi tunatunza saraka, yaani ile orodha kubwa ndani ya kompyuta inayosema huyu ni nani, nenosiri lake ni lipi, na ana ruhusa ya kufungua nini. Nesi akiwasha kompyuta wodini, daktari akitaka kuona picha za eksirei, hata mpishi akiingia zamu, kompyuta yake inaiuliza saraka kwanza: unamjua huyu? Saraka ikinyamaza, hospitali nzima inabaki imesimama mlangoni. Ndiyo maana hatukutegemea seva moja. Wakati wangu tulikuwa na mbili Plano, zilizopokea kila badiliko, na nne Houston, ambazo kazi yake ilikuwa kusomwa tu na kupokea nakala kutoka Plano. Ukibadilisha namba ya simu ya mtu Plano, sekunde mbili baadaye Houston wanayo. Mimi kwa gari natumia saa nne, na hapo sijasimama njiani kununua kahawa.

Kabla ya Texas nilikuwa mwalimu wa hesabu Tanga. Nilikuja kumfuata mume wangu aliyekuwa anasoma, nikaingia chuo na mimi, na nilipoajiriwa nilikuwa mtu mzima mwenye miwani, si msichana. Siku ya kwanza walinipeleka Houston nikakae wiki mbili na mtu aliyeijua saraka kuliko wote, Mkenya wa Machakos aitwaye Wambua. Alikuwa anaishi Katy, na kila asubuhi barabara ilikuwa inamla saa nzima na zaidi. Alifika ofisini ameshagombana na madereva wote wa magharibi mwa Houston, lakini akikaa mbele ya seva sauti yake inashuka kama ya mtu anayemlaza mtoto.

"Karibu, Mama," aliniambia. "Leo hugusi kitu. Leo unasoma."

Akanipa kurasa za kumbukumbu za seva, ile mistari inayojiandika yenyewe kila mtu anapoingia au kukataliwa. Nilisoma mpaka macho yakawasha. Mchana akaja.

"Umeona nini?"

"Sijaona kosa lolote."

"Sijakuuliza kosa. Nimekuuliza umeona nini."

Nikarudia kusoma. Jioni nilimweleza kwamba kuna mtu mmoja anaingia kila baada ya dakika tano, siku nzima, bila kupumzika hata kula. Wambua akapiga meza kwa furaha. "Huyo si mtu! Hiyo ni mashine ya kuprint ya ghorofa ya tatu. Sasa tunaweza kuanza kazi." Niliondoka siku ile nikijisikia nimefaulu mtihani, nikampigia mume wangu simu kumweleza habari za mashine ya kuprint. Alinisikiliza kwa upole wote wa mtu asiyeelewa.

Wambua alikuwa na mazoea ambayo nimeyarithi na ninyi mmeyarithi, hata kama mnayacheka. Anasoma kumbukumbu za seva kwa sauti, kama msomaji wa taarifa ya habari. Anaandika kila amri kwenye daftari kwa kalamu kabla ya kuipiga kwenye kompyuta, kwa sababu mkono unaoandika kwa kalamu hauna haraka. Na alikuwa ametengeneza ndani ya saraka mtu ambaye hayupo duniani, akamwita Bwana Jaribio. Tukitaka kujua kama Houston inapokea nakala, tunambadilishia Bwana Jaribio namba ya simu upande wa Plano, kisha tunaitafuta Houston. Mtu yule alifanya kazi kuliko sisi wote. Mwaka mmoja idara ya rasilimali watu ilimtumia kadi ya siku ya kuzaliwa na kumwalika kwenye pikiniki ya wafanyakazi. Wambua alijibu kwa niaba yake kwamba anashukuru sana ila hali ubwabwa.

Kusasisha seva, hii ambayo ninyi mnaiita ku-upgrade, alinifundisha kwa vitendo. Seva ya saraka ina programu-jalizi, vijiprogramu vinavyochomekwa ndani yake ili kuiongezea uwezo. Kimoja kinahakikisha hakuna watu wawili wenye jina moja la kuingilia, kingine kinapanga makundi, kingine kinayafunga manenosiri kwa fumbo ili mtu asiweze kuyasoma hata akiiba faili. Ukipandisha seva toleo jipya, kila kijiprogramu nacho lazima kiwe tayari kwa toleo hilo. Na zikiwa seva nyingi zinazopeana nakala, huwezi kuzipandisha zote kwa mpigo, hospitali hazifungi. Unapandisha moja, unangoja, unamtuma Bwana Jaribio, unasoma kumbukumbu, ndipo unakwenda ya pili.

"Zinazosoma ndizo zinaanza," Wambua alisema, na aliniandikisha daftarini. "Houston kwanza, Plano baadaye. Seva mpya inaelewa maneno ya seva ya zamani. Ya zamani ukiiletea maneno mapya, inakutazama tu."

Niliandika. Nilikuwa naelewa pia, hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Miaka ilipita vizuri. Niliongoza upandishaji mmoja, kisha wa pili, Wambua akiwa upande wa Houston na mimi Plano, kila mmoja na spika ya simu mezani. Kisha likaja toleo kubwa, na ndani yake kijiprogramu kipya cha kufunga manenosiri kwa fumbo gumu zaidi. Tulipanga kama kawaida, Houston kwanza. Wiki ile mafundi wa jengo la Houston wakatangaza kwamba watazima umeme wa chumba cha seva kwa zamu ili kufunga jenereta mpya kabla ya msimu wa vimbunga. Mkuu wetu, Darrell, mtu mwema ila mwenye kalenda badala ya moyo, alikuja mezani kwangu.

"Mwajuma, tusipoteze wiki nzima. Anza na Plano wikiendi hii, Houston wiki ijayo. Kuna tofauti gani?"

Nilimpigia Wambua. "Mimi sipendi," alisema. "Lakini wewe ndiye kiongozi wa kazi hii. Ume-test?"

Nilijaribu kwenye seva zetu za majaribio, nikageuza utaratibu, Plano mpya na Houston ya zamani. Bwana Jaribio alisafiri salama. Namba yake ya simu ilifika. Nikamwambia Darrell sawa. Neno fupi, sawa. Jumamosi asubuhi nilipandisha seva mbili za Plano, saa saba mchana nikawa nimemaliza, nikaenda nyumbani kupika pilau.

Jumatatu kabla hata sijavua koti, simu ililia. Alikuwa mwanamke wa dawati la msaada Houston, nilikuwa nalijua jina lake tu kwenye barua pepe: Espérance, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Aliposikia lafudhi yangu aliacha Kiingereza palepale.

"Mama, shikamoo. Manesi wanakataliwa kuingia. Si wote. Wengine wanaingia vizuri, wengine hapana. Mimi nawa-reset nenosiri, na wakishapewa jipya bado wanakataliwa."

"Wangapi?"

"Nilipoanza kupiga simu hii, kumi na wawili. Sasa kumi na wanne. Kuna mmoja yuko kliniki ya Alief, kabati la dawa halimfungukii, na mgonjwa amekaa anangoja sindano yake ya insulini. Wamefungua kwa karatasi na ufunguo wa msimamizi, lakini Mama, ufunguo ni mmoja na wagonjwa ni wengi."

Nilifungua kumbukumbu za Plano, safi kabisa. Plano kila mtu alikuwa anaingia. Darrell akawa amefika nyuma ya kiti changu na simu mbili mkononi.

"Rudisha nakala ya akiba ya Ijumaa," alisema. "Plano irudi ilivyokuwa."

Jaribu kufikiri vizuri mtu akiwa anakupumulia shingoni. Lakini jambo moja nililijua. Nikiirudisha Plano kwenye Ijumaa, Houston itakuwa inajua mambo ya Jumamosi na Jumapili ambayo Plano yenyewe haiyajui, na seva zitaacha kusikilizana. Hapo ndipo manesi wote wangebaki nje, si kumi na wanne.

"Hapana," nilimwambia. Nilishangaa jinsi lilivyotoka bila kutetemeka. "Nipe dakika ishirini."

Nilimpigia Wambua. Alikuwa kwenye gari, katikati ya Katy na mjini, magari yamesimama pande zote.

"Niko kwa jam, siwezi kufungua laptop," alisema. "Wewe ndio uko hapo. Umeona nini?"

"Wambua, si wakati wa darasa!"

"Ndio wakati wenyewe. Umeona nini?"

Nilikuwa sijaona kitu. Aliyeona ni Espérance, ambaye bado alikuwa kwenye simu ya pili na alikuwa amesikia yote. Akakohoa kidogo.

"Mama, naweza kusema? Kabla ya kazi hii nilikuwa ghalani, napokea mizigo. Maboksi yakifika yamevunjika, tulikuwa hatuhangaiki na boksi. Tulikuwa tunaangalia limekuja na lori gani. Sasa hapa nimeandika majina yao wote. Wanaokataliwa wote walibadilisha nenosiri tangu Jumamosi. Ambaye hajabadilisha, anaingia. Na mimi kila nikimsaidia mtu kwa ku-reset, ni kama namwongeza kwenye foleni."

Nikasikia Wambua kwenye spika akivuta pumzi. Na mimi nikaona yote kwa pamoja. Nenosiri linabadilishwa Plano. Plano mpya inalifunga kwa fumbo jipya, inalituma Houston. Houston ya zamani haina kile kijiprogramu, haiwezi kulisoma fumbo, inamkatalia mwenye nenosiri lake halali. Na jaribio langu halikuonyesha kitu, kwa sababu nilimbadilishia Bwana Jaribio namba ya simu. Sikumbadilishia nenosiri.

Nilichukua daftari, nikaandika amri kwa kalamu. Mstari mmoja tu: Plano iendelee kuwa mpya, ila manenosiri iyafunge kwa fumbo la zamani mpaka nitakapoiambia vinginevyo. Nikamsomea Wambua kwa sauti.

"Hapo sawa," alisema. "Piga."

Nikapiga. Nikampa Bwana Jaribio nenosiri jipya, nikajaribu kuingia kwa jina lake kwenye seva ya Houston. Akaingia. Sijawahi kumpenda mtu asiyekuwepo kiasi kile.

"Espérance," nikasema, "anza na yule wa Alief. Mpe nenosiri lingine."

Tulisikiliza wote, mimi, Darrell, na Wambua na honi za Katy. Tulimsikia akiongea Kiingereza na nesi, herufi kwa herufi. Kisha akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka ghorofa ya juu.

"Ameingia! Mama, ameingia! Kabati limefunguka!"

Darrell akakaa chini, sakafuni, na suti yake. Wambua akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwenye gari, sauti mbaya kabisa. Espérance alirudia kumpigia kila mtu kwenye orodha yake, na kabla ya saa tano wote walikuwa ndani. Hakuna mgonjwa aliyekosa dawa yake. Niliulizia kliniki moja moja.

Ripoti niliiandika mwenyewe. Niliandika kwamba utaratibu uligeuzwa, kwamba niliyekubali ni mimi, na kwamba jaribio langu lilikuwa na shimo. Darrell aliisoma, akachukua kalamu, akaongeza chini: "Aliyeomba utaratibu ugeuzwe ni mimi." Nilimheshimu siku ile kuliko alipokuwa amekaa sakafuni. Ukurasa wa pili wote ulimhusu Espérance: jinsi alivyoandika majina, jinsi alivyoona alichoona wakati sisi wenye madaraja tunatazama kumbukumbu safi. Nilimalizia kwa kuomba ahamishiwe timu yetu. Wiki iliyofuata tulipandisha Houston, seva zote nne, na kijiprogramu chake ndani. Ndipo nikaifuta ile amri ya mstari mmoja.

Jumamosi ile Espérance alitualika kwake Alief. Kulikuwa na ugali, dagaa wa Kigoma aliowapata duka la jirani, na maharage yaliyopikwa Kirundi na mawese. Darrell alikuja na mkewe na keki, akala dagaa akiwatazama machoni. Wambua alisimama kutoa hotuba akaishia kusimulia habari za mashine ya kuprint ya ghorofa ya tatu. Watoto wa Espérance walikuwa wanajibu kila kitu kwa Kiingereza, lakini mdogo wao alinishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ndiye Mama Seva?" Nimeitwa majina mengi kazini, hilo ndilo ningependa liandikwe kwenye kitambulisho.

Kumfundisha Espérance kulikuwa raha ambayo sikuitegemea. Nilidhani nimeacha ualimu Tanga. Alikuwa anauliza maswali kama mtu anayefungua makontena, moja baada ya jingine, hakubali kuambiwa "hilo liache tu". Wambua alipostaafu na kurudi Machakos kufuga ng'ombe, ambao nasikia anawapa namba na kuwasomea kwa sauti, Houston ilibaki mikononi mwa Espérance. Tuliongeza mstari kwenye orodha ya majaribio: Bwana Jaribio abadilishiwe simu, anwani, kundi na nenosiri.

Sasa niwasimulie la mwisho, maana nalo lina fundisho ingawa linanichekesha. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kupandisha seva tena, toleo jipya lingine. Nilitaka niimalize kabla ya Ijumaa yangu ya kuaga. Nilikuwa nimeshaiona picha kichwani: seva zote mpya, mimi nachukua mkoba wangu, nazima taa. Nikaendesha gari mpaka Houston nikae na Espérance upande ule. Tukapandisha ya kwanza, ikakaa vizuri. Ya pili, vizuri. Tulipofika ya tatu, Espérance akainua mkono.

"Mama, hiki kijiprogramu cha kupanga namba za simu, tulikitengeneza wenyewe. Kwenye hii seva ya tatu ni toleo la zamani, si sawa na zile mbili. Sijui kwa nini."

Nikatazama. Tofauti ilikuwa ndogo sana. "Kitakubali tu hicho," nilisema. "Namba za simu si nenosiri. Tuendelee."

"Hapana."

"Espérance, Ijumaa naondoka."

"Najua, Mama. Na mimi Jumatatu nitakuwepo." Alisema kwa heshima zote, macho ameyainamisha kidogo, lakini mkono wake ulikuwa umeshafunga daftari. "Zile mbili mpya zinasoma vizuri, hizi nyingine za zamani zinasoma vizuri, Plano haijaguswa. Tukisimama hapa, hakuna anayeumia. Tunasimama hapa."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilitoka nje nikasimama kwenye joto la maegesho, ule unyevu wa Houston ukinivaa kama blanketi. Dakika moja, mbili. Halafu nikaanza kucheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Miaka yote nilikuwa najiuliza ningefanya nini Darrell alipokuja mezani kwangu, kama ningeweza kusema neno moja badala ya lingine. Na huyu hapa amelisema, tena kwangu mimi! Nilirudi ndani nikamwambia, "Tusimame." Siku iliyofuata aligundua kwamba fundi mmoja aliwahi kukirekebisha kijiprogramu kile kwenye seva ya tatu pekee, na kwamba tungeendelea, namba za simu za wodi tatu zingegeuka namba za jikoni.

Basi niliondoka Ijumaa na kazi ikiwa nusu. Keki ilikuwa na jina langu limekosewa herufi moja. Nilikula vipande viwili.

Wiki tatu baadaye Espérance alinitumia ujumbe asubuhi: ameanza. Sikumpigia, ingawa nilishika simu mara nyingi zaidi ya nitakavyokiri hapa. Nilifua mapazia. Nilipanga vikombe upya. Mchana akatuma neno moja, "Tayari," na picha ya timu nzima wamekumbatiana mbele ya kabati la seva, wengine wenu macho mmefumba. Zote sita mpya, Houston kwanza, Plano baadaye.

Binti yangu Latifa, ambaye sasa ni nesi katika moja ya hospitali hizo, alipita jioni kuchukua vyombo vyake vya chakula. Nilimngoja avue viatu.

"Leo kazini mliingia kwenye kompyuta vizuri?" nilimuuliza.

"Mama, what? Ndiyo, kawaida tu. Kwani kulikuwa na nini?"

"Hakuna," nilisema, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akaangusha kifuniko cha bakuli, akabaki ananiuliza, mikono imejaa vyombo, ni kitu gani kimenifurahisha hivyo siku ya kawaida kama hii.